Binti wa Kapya wa Konokono

Mimi ni Hortense, binti wa Kapya Edouard. Ukilitaja jina hilo popote Kamalondo, mtaa wetu wa Élisabethville, kuanzia sokoni hadi kanisani, mtu atakuuliza: "Kapya gani? Ule ya konokono?" Ndiyo, huyo huyo. Nina miaka thelathini na mitatu. Nimesoma, nimefundisha, nimeolewa nikarudishwa kwetu, nimepima unga wa nyumba nyingi za mji huu, na mpaka leo nikipita njiani watoto husema, "Mutoto ya Konokono anapita." Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitikia na kwenda zangu.

Baba alitoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru, akiwa kijana, alipochukuliwa na madaktari wa ugonjwa wa malale awabebee masanduku. Alibeba masanduku, kisha akaosha vioo, kisha akafundishwa kuchungulia hadubini. Alipofika Élisabethville, mwaka wa elfu moja mia tisa na ishirini na mbili, alikuwa anaweza kutazama tone la damu na kukuambia unaumwa nini kabla daktari hajamaliza kuvaa miwani. Wakamweka maabara. Watu walimheshimu na kumwogopa kidogo, maana ukimsalimia alikutazama machoni muda mrefu, ukabaki unajiuliza ameona nini humo ndani.

Halafu watoto wakaanza kukojoa damu, ugonjwa wa kichocho unaotoka katika maji yenye konokono. Hiyo ilikuwa katika miaka ya thelathini. Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa, baba alishuka mtoni Naviundu na ndoo kuokota konokono. Aliwapanga nyumbani katika chupa, juu ya meza ile ile tuliyolia bukari, ugali wetu. Mama yangu, Mwape, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alisimama mlangoni mikono kiunoni: "Edouard, hii nyumba iko ya bantu ao ya bakonokono?" Baba aliwatia konokono mmoja mmoja katika maji safi, akawaweka juani, akayachungulia yale maji. Siku moja akaona vidudu vinatoka katika konokono wa aina moja tu, aina ndogo ambayo hakuna aliyeihangaikia. Akampelekea Daktari, mkubwa wake wa maabara, ile chupa, mbio, hata kofia alisahau.

Daktari aliandika, na maandishi yakachapishwa Ulaya. Mwaka wa thelathini na sita kitabu kikafika. Baba alikileta nyumbani kimefungwa katika kitambaa, amevaa tai ya Jumapili, na majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani. Mama alikuwa amepika munkoyo, kinywaji cha mahindi, mtungi mzima. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nasoma kwa masista, na Kifaransa nilikisoma kwa sauti nzuri bila kukielewa, kama watu wanavyoimba Kilatini kanisani.

"Hortense, soma," baba akasema. "Pale penye jina yangu."

Nilipitisha kidole kurasa zote nne alizoandika Daktari. Juu kabisa kulikuwa na jina la Daktari. Konokono naye alikuwa amepewa jina la Daktari. Mwishoni kulikuwa na shukrani kwa mkubwa fulani, na kwa masista, na kwa "wenyeji waliosaidia kuokota". Kapya hakuwepo. Nikainua macho nikaiona ile tai. Nikarudisha kidole kwenye mstari mmoja, wowote tu, nikasoma: "Monsieur Kapya Edouard, laborantin à Élisabethville," ndiyo kusema Bwana Kapya Edouard, fundi wa maabara. Maneno hayo niliyatunga mdomoni mwangu mwenyewe, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Loo, vigelegele vyake! Baba alikichukua kitabu, akakifunga tena katika kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Kuanzia siku ile akawa Kapya ambaye jina lake limo katika kitabu cha wazungu. Akaitwa kusema kwenye harusi. Chama cha wasomi kikamfanya mwenyekiti. Baadaye akapewa nishani. Mimi nilijua jambo lile lote limesimama juu ya nini, na sikumwambia mtu, hata mama.

Ndoa yangu sitaieleza sana. Niliolewa na Clément, karani wa reli, na baada ya miaka minne bila mtoto watu wake wakanirudisha na sanduku langu. Baba alirudisha mali ya mahari bila kubishana. Nikawa mwalimu wa wanawake: kushona, kupika, kuosha watoto wachanga. Kazi ya kufundisha wanawake wenye watoto sita namna ya kuosha mtoto. Basi.

Mwaka wa hamsini na tatu ofisi moja ya wazungu ilianza kuchunguza maisha ya watu wa site, yaani mitaa ya Waafrika: wanakula nini, wananunua kwa bei gani, mshahara unatosha ao hautoshi. Mkubwa wake aliitwa Bwana André, mtu mwembamba, mpole, mwenye haraka. Alikuwa amewatuma wanaume kuuliza maswali majikoni, na wanawake waliwajibu uongo mtupu. Kwa hiyo akamtafuta mwanamke anayejua kuandika. Akanipata mimi.

Siku ya kwanza kabisa aliniambia: "Mwenye kuandika ripoti, jina lake litachapishwa. Na mwenye jina atapata meza hapa ndani, na buku ya kazi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Niwaeleze, kwa maana watakuja watoto wasiojua mambo haya: mwanamume alikuwa na buku yake ya kazi. Mwanamke aliandikwa katika karatasi za mumewe. Asipokuwa na mume, za baba yake. Asipokuwa na baba, alilipishwa kodi ya mwanamke huru, na polisi yeyote alimsimamisha njiani na kumcheka. Mimi, na umri wangu ule, nilikuwa mstari mmoja chini ya jina la baba, kama mtoto anayenyonya. Niliitaka ile buku. Sijawahi kutaka kitu kingine namna ile, hata Clément sikumtaka hivyo.

Lakini kwa sababu nilikuwa katika karatasi za baba, ofisi ilitaka ruhusa yake. "Atie saini tu juu ya kila daftari," Bwana André akasema. "Kwa ajili ya sheria." Hivyo kila Jumamosi nilimwekea baba madaftari mezani, nikamletea na wino. Aliifuta kalamu, akaandika *Kapya E.* juu ya jalada na kuchora mkia mrefu chini yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nakausha ule wino kwa kuupuliza. Ndani ya daftari mkono ulikuwa wangu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, lakini jina langu halikuwamo popote, na mimi, na akili zangu zote, sikuona kitu.

Nilikuwa na nyumba thelathini. Niliingia kabla chungu hakijawekwa motoni, nikapima kwa mizani ya ofisi: sombe yetu ya majani ya muhogo, samaki wadogo, mafuta, unga. Unga sokoni ulikuwa unauzwa kwa kopo, kopo tupu la maziwa. Wanaume wa ofisi waliuliza bei ya kopo, wakaandika. Mwezi wa pili bei ile, mwezi wa tano bei ile ile. Wakaandika kwamba maisha hayajapanda, na mabwana wanaopanga mishahara wakafurahi sana.

Lakini mizani yangu ilikuwa inasema mengine. Mwanamke aliniambia "kopo mbili", kama mwezi uliopita, na unga ulikuwa pungufu. Nilidhani mizani imeharibika. Nikaipima kwa jiwe la ofisi, ilikuwa nzima. Nikaenda sokoni kwa Mama Chanda, aliyekuwa anauza unga karibu na lango, nikakaa naye asubuhi nzima bila kuuliza kitu. Nikamwona anachukua kopo, analigeuza, anagonga kitako chake kwa jiwe mpaka kinaingia ndani kidogo. Kwa juu, ukilitazama, ni kopo lile lile.

"Mama Chanda," nikamwambia, "unafanya nini?"

"Weye uliona," akasema, bila haya. "Gunia ilipanda. Nikipandisha bei ya kopo, polisi anakuya kunifunga. Basi ninagonga. Bote tunagonga. Kila mwezi kidogo-kidogo. Unataka tukufe?"

Sikumsema vibaya. Nilimnunulia makopo. Kuanzia hapo kila mwezi nilinunua kopo moja kwake na moja kwa jirani yake, na ya zamani niliyapata kwa wanawake waliokuwa wameyaweka majikoni. Yakafika kumi na moja. Nyumbani baba alikuwa na kioo cha kupimia maji, kirefu, cha maabara, kimepasuka mdomo. Nikajaza makopo maji moja moja na kuyapima humo. Baba alikuja akainama nyuma yangu.

"Hapana pale," akasema. "Maji inapinda. Soma chini ya mupindo, hapana juu."

Alisema kweli. Nikayapima yote upya. Kopo la mwezi wa nane lilikuwa limepungukiwa na sehemu moja katika sita. Maana yake mwanamke akinunua makopo sita anabeba matano, na bei haijapanda hata senti. Nilimweleza baba jambo lile lote, akasikiliza kichwa kimeinama, akasema, "Hii iko kazi ya kweli, Hortense." Nilifurahi siku ile. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Niliandika ripoti kwa Kifaransa, kurasa arobaini. Bwana André aliisoma kwa siku mbili, akaita mkutano na wale mabwana wa mishahara. Akampelekea baba barua ya kumwalika. Sikushangaa, nilidhani anamwalika mzazi wangu. Baba akavaa nishani. Mimi nilibeba makopo katika gunia, nikakaa kwenye benchi ukutani.

Bwana André alinyanyua madaftari yangu, akawaonyesha majalada. "Ni kazi ya Kapya," akawaambia. "Mnamjua wote, yule wa konokono." Mabwana wakatikisa vichwa, walimjua. Sijui mpaka leo kama Bwana André alikuwa amesahau ni nani aliyekuwa anamletea madaftari yale kila Jumatatu, ao kama aliona jalada litawaridhisha mabwana kuliko mimi. Akamgeukia baba, akamwuliza kwa Kiswahili cha kwetu kama ndiye: "Kapya, njo weye ulipima makopo?"

Baba alinitazama. Nataka ieleweke hivyo: alinitazama kwanza, vile alivyozoea kutazama watu. Kisha akawageukia wao.

"Njo miye, Bwana."

Nilikuwa nimeshika gunia kwa mdomo wake. Nikangoja hasira ije, haikuja. Niliwaza: sema. Simama useme. Halafu nikawaza: nikisema hapa mbele ya watu kwamba Kapya Edouard ni mwongo, mmoja wao atakifungua na kile kitabu cha konokono, na uongo wa mule ni wangu. Nikiwa bado nawaza, wakaomba kuona makopo. Nikasimama, nikayapanga juu ya meza kwa ujazo, kuanzia kubwa hadi dogo. Bwana mmoja akaniambia, "Asante, mama." Nikarudi kwenye benchi.

Njiani baba alitangulia, mimi nyuma. Aliyesema ni mama, alipopata habari, na alisema mpaka majirani wakatoka.

"Edouard! Mutoto alitembea miezi saba, miguu ilivimba, weye ulipima nini? Sema! Ulipima nini?"

"Nilimukopesha kioo," baba akasema.

"Kioo! Mayo we! Basi na miye nilimupikiaka bukari, baandike na jina yangu! Na ile mbuzi ya jirani wa kona, ilimulilia njiani, baiandike nayo!"

Majirani walicheka. Nami nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Baba aliivua nishani, akaiweka juu ya kabati karibu na kile kitambaa.

"Miaka makumi tatu miye ninachungulia, bengine banaandika," akasema polepole. "Mara moja tu, Mwape. Mara moja tu nili..." Mama akashusha mikono, akaingia jikoni.

Baba alipewa meza, pale dirishani. Mimi niliendelea na nyumba zangu thelathini. Kila Jumamosi nilimwekea madaftari, akatia saini, na Jumatatu akayabeba yeye mwenyewe kwenda ofisini. Mwaka uliofuata mishahara ikaongezwa kidogo kwa ajili ya yale makopo, na wanawake wa Kamalondo wakaja nyumbani kumshukuru baba. Mama Chanda alileta kuku. Aliponiona jikoni akanivuta pembeni.

"Hortense, lakini weye njo ulikaa kwangu. Weye njo ulinunua makopo."

"Tata alinituma," nikamwambia, nikimpa baba hata hilo.

Alinitazama kama anayetaka kunizaba kofi, kisha akaniachia kuku nimshike miguu. Nilikuwa nimesema bila kulazimishwa na mtu. Nilimchinja yule kuku, nikamnyonyoa, nikampika, tukala. Watu husema mambo kama hayo huwanyima usingizi. Mimi nililala vizuri miaka yote minne. Niliamka, nikavaa, nikapima, nikarudi. Nikiulizwa habari nilijibu nzuri, na haikuwa uongo, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaniuma. Hicho ndicho kilichomtisha mama. "Lia basi," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mchele. "Ao vunja sahani, nitanunua ingine." Nikamwambia sahani hazina kosa.

Macho ya baba yalianza kuharibika mwaka wa hamsini na sita. Ukungu mweupe uliyafunika, moja kisha la pili. Ofisi ikaagana naye kwa kumpa saa ya ukutani ambayo hakuweza kuisoma. Mwaka uliofuata kitabu cha ile ripoti ya makopo kikatoka Ulaya, na Bwana André akakituma nyumbani na mjumbe wake.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Baba hakuita majirani. Alijifunga tai kwa kupapasa, akaketi uani. Mama alikuwa anachuma majani ya sombe kutoka vijiti vyake, bakuli mapajani.

"Soma, Hortense. Pale penye jina."

Sikuhitaji kutafuta. Lilikuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito. "Kapya Edouard," nikasoma. Safari hii nilikuwa nasoma kilichoandikwa.

Aliitikia kwa kichwa. "Na yako?"

"Haiko, Tata."

"Tafuta."

Nikatafuta. Nilifungua kitabu kizima, kurasa mia moja na kumi na mbili, mpaka shukrani za mwisho, mpaka jina la mpiga chapa. Hesabu zangu zilikuwemo zote. Makopo yangu kumi na moja yalikuwemo, yamechorwa vizuri kwa ujazo wake. "Haiko," nikasema.

"Hata yangu mu ile kitabu ya konokono haikukuwako," baba akasema.

Mama aliacha majani. Mimi nilibaki na kidole ndani ya kitabu.

"Miye najua kuandika jina yangu, Hortense. Kila siku niliiandikaka mu maabara. Nilitafuta mu ile kitabu mara tatu njiani, mbele ya kukuletea."

"Sasa juu ya nini ulinipa nisome?"

"Nilisema labda weye utaiona."

Baba alinyoosha mkono, akaupata mkono wangu, akauweka juu ya ukurasa.

"Soma yako," akasema. "Vile ulinisomeaka yangu. Soma, niko nasikia."

Nilitazama ule mstari. Ningeweza. Jina langu si refu, na sauti yangu bado ni nzuri. Mama alikuwa ananitazama, mdomo wazi, na niliona anataka nilisome, japo liwe la uongo, japo mara moja, mtu alisikie.

"Kapya Edouard," nikasoma. "Peke yake, Tata. Hakuna mwingine."

Nikakifunga kitabu nikamwekea magotini. Alikishika kwa mikono miwili, machozi yakamshuka yeye, yakapita kando ya pua mpaka kwenye tai. Mimi niliingia jikoni. Maji yalikuwa yamechemka. Nikachukua kopo, nikalitazama kitako, nikapima unga wa watu watatu.